Mtoto wa PP1 Ndani ya Bustani Kubwa

Mtoto wa miaka minne akishuka kwenye bembea la kuzunguka, hatua zake za kwanza humpeleka kando. Anayumba, anacheka, anashika leso ya mamake, kisha anasema: "Tena!" Mamake, aliyezunguka akiwa amempakata, anatafuta mahali pa kukaa kwa sababu tumbo limemchafuka. Wamezunguka kwa kasi moja na kwa dakika zile zile, lakini kila mwili umepokea safari yake.

Ndani kabisa ya kila sikio kuna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, nayo imejaa majimaji. Kichwa kikianza kuzunguka, majimaji hayo hubaki nyuma kidogo, yakausukuma utando laini wenye vinyweleo vya fahamu, na ubongo ukapata habari kwamba tunageuka. Mzunguko ukiendelea kwa mwendo usiobadilika, baada ya sekunde 20 hivi majimaji huufikia mwendo wa mifereji, utando hurudi mahali pake, na hisia ya kuzunguka hufifia. Halafu bembea linasimama. Mifereji imetulia lakini majimaji bado yanakwenda. Sasa yanausukuma utando upande wa pili, na ubongo unaambiwa kwamba mwili unazunguka kinyume, ilhali macho yanaona nyasi zimetulia tuli. Kule kuyumba ni miguu inayopambana na mzunguko ambao haupo.

Ajabu ni kwamba mifereji ya mtoto huyo ina ukubwa ule ule wa mifereji ya mamake, kwa kuwa hukamilika kukua kabla hajazaliwa. Kilicho kichanga ni ubongo unaozipokea habari zake. Kichefuchefu cha mwendo huja pale ubongo unapoona kwamba macho, masikio na mazoea yake havikubaliani, na ubongo wenye mazoea machache hauna mengi ya kukataa. Watoto wa chini ya miaka 2 hupatwa na kichefuchefu hiki kwa nadra sana. Huanza kujitokeza wanapokua, na hufika kilele karibu na miaka 9 au 10. Ndiyo maana kaka wa Gredi ya 4 anaweza kutapika kwenye mchezo ambao mdogo wake wa PP1 anaomba kuurudia.

Nayaandika haya nikiwafikiria wazazi wa Makadara, wa Maringo na Jericho, wa Hamza, Mbotela na Harambee, ambao likizo ya Aprili, Agosti au Desemba ikikaribia huanza kuweka pesa kando kwa ajili ya siku moja ya watoto. Wengine huishia Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, ambako siku ya Krismasi familia za Eastlands hujaa kando ya ziwa kungojea mashua, kupanda ngamia na kuchorwa nyuso. Wengine husubiri maonyesho ya kilimo pale Jamhuri, ambako watoto huona ng'ombe wa maziwa asubuhi na kupanda bembea alasiri. Wenye uwezo zaidi huvuka jiji hadi Limuru Road, kwenye duka kubwa la Two Rivers lililofunguliwa mwaka 2017 na kuja na bustani ya michezo na gurudumu kubwa la abiria.

Popote waendapo, tatizo ni lile lile. Mfuko unapiga hesabu yake: tumelipa nauli, tumelipa tiketi, basi tusiache kitu. Mwili wa mtoto wa miaka mitatu au minne unapiga hesabu nyingine, na kila nikiangalia familia zinavyorudi jioni, naona hesabu ya pili ndiyo iliyoshinda. Kwa hiyo ni bora mzazi aanzie hapo.

Tuchukue suala la mahali pa kumketisha mtoto. Kwenye bembea la kuzunguka, watu wote humaliza mzunguko kwa wakati mmoja, lakini aliye ukingoni amesafiri duara kubwa zaidi kuliko aliye karibu na nguzo ya katikati. Likizunguka mara moja kila sekunde 6, mtoto aliyeketi mita 3 kutoka katikati anahisi akivutwa nje kwa nguvu inayokaribia theluthi ya uzito wake. Aliyeketi mita 1.5 anahisi nusu ya hiyo. Mtu mzima haoni tofauti kubwa kwa kuwa ana mikono mirefu na kiuno kizito cha kumtuliza. Mtoto mdogo kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, na kitovu cha uzito wake kiko juu, kwa hiyo huinama kwa urahisi. Farasi wa safu ya ndani ndiye wake. Kipimo cha kimo kilichochorwa langoni nacho kina sababu: vyuma vya kumzuia abiria vimetengenezwa kwa mapaja na kifua cha ukubwa fulani, na mtoto asiyefikia kipimo anaweza kupenya chini yake. Mwendeshaji akikubali kubembelezwa amwingize mtoto aliyepungua kidogo, mzazi ndiye akatae.

Kuna mchezo mmoja ambao hauhitaji hata kuvuka Jogoo Road. Siku hizi trampolini huletwa mtaani wikendi, zikatandazwa kwenye uwanja, na watoto wakalipiwa dakika chache za kuruka. Hapa fizikia ni kali kuliko inavyoonekana. Mtoto mkubwa anapotua, kitambaa na springi hujinyoosha na kuhifadhi nishati ya uzito wake wote. Mdogo akitua sekunde hiyo hiyo kitambaa kinaporudi juu, nishati iliyowekwa na mkubwa inatokea kwenye miguu yake. Hurushwa juu kuliko alivyoruka mwenyewe, au hukutana na kitambaa kinachopanda kwa nguvu ambazo mifupa yake haiwezi kuzihimili. Madaktari wanaujua vizuri mvunjiko wa muundi, chini kidogo ya goti, unaowapata watoto wadogo walioruka pamoja na mtu mzito. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimeonyesha kwamba karibu robo tatu ya majeraha ya trampolini hutokea wakiwa wanaruka zaidi ya mmoja, na madaktari wa mifupa nchini humo hawataki watoto wa chini ya miaka 6 waingie kabisa. Mimi nawaunga mkono. Mzazi ambaye hata hivyo ataamua kumruhusu mwanawe, basi amlipie dakika zake peke yake, kitambaa kikiwa kitupu.

Kisha kuna woga. Mtu aliyevaa vazi la sungura mkubwa au la mhusika wa katuni anakuja na mikono wazi, mzazi ametoa simu tayari kwa picha, na mtoto anapiga ukemi kana kwamba ameona simba. Watu wazima hucheka na kusema, "Ni mtu tu huyo!" Mwaka 1969 mwanasaikolojia Rheta DeVries alichapisha utafiti unaoeleza kwa nini maneno hayo hayasaidii. Alimtumia paka mpole aitwaye Maynard. Watoto wa miaka 3 hadi 6 walimwona, wakampapasa, wakakubali ni paka. Kisha sehemu ya mbele ya Maynard ikafichwa, huku watoto wakiendelea kuuona mkia na miguu ya nyuma, akavishwa kinyago cha mbwa mkali. Alipoonyeshwa tena, wengi wa miaka mitatu walimchukua kuwa mbwa kweli, mwenye mifupa na tumbo la mbwa. Wa miaka sita kwa kawaida walishikilia kwamba Maynard ni paka aliyevaa kinyago.

Watoto wale walikuwa wamemwona paka kabla ya kinyago, na mkia haukuwaondokea machoni hata mara moja, lakini bado sura mpya ilishinda. Sasa fikiria mtoto ambaye hakumwona kamwe yule kijana aliye ndani ya vazi. Kumsukuma mbele apigwe picha ni kumsogeza kwenye mdomo wa kitu ambacho kwake kina uhai. Kinachosaidia ni umbali. Akae begani mwa babake, apunge mkono kutoka ng'ambo ya njia, na akitaka kusogea asogee kwa miguu yake mwenyewe. Picha itasubiri miaka miwili.

Foleni ndiyo inayowavunja wengi moyo. Tunasikia mara nyingi kwamba watoto wadogo hawawezi kungoja, na wasemao hivyo mara nyingi hutaja majaribio maarufu ya Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto huachwa peke yake na kitamu kimoja na kuambiwa kwamba akisubiri atapata cha pili. Watafiti wakiongozwa na Bettina Lamm walifanya jaribio la aina hiyo kwa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na kwa wenzao wa jamii ya Nso, wakulima wa Kamerun, ambao walipewa andazi la kwao. Katika matokeo waliyoyachapisha, karibu 70 kati ya kila watoto 100 wa Nso walisubiri mpaka mwisho, na kwa Wajerumani hawakufika 30. Watoto wa Nso walikaa kimya, wengine wakasinzia. Wale wa Ujerumani walizunguka chumba, wakaimba, wakageukia ukuta.

Naupenda utafiti huo kwa sababu unaondoa lawama kwa umri peke yake. Kungoja hufundishwa, na mtoto aliyelelewa na shosho mwenye msimamo, au aliyezoea kusubiri maji yajaze mitungi, huenda kwenye foleni akiwa na mazoezi ambayo wengi hawana. Mischel naye alibaini kwamba aliyekodolea macho kitamu alishindwa mapema, na aliyegeuza fikira alidumu. Basi mtoto aliye kwenye foleni asisimamishwe akiutazama mchezo wenyewe kwa nusu saa. Ageuzwe, ahesabu viatu vyekundu, ategewe vitendawili, ale njugu moja moja.

Kuhusu baridi na jua nitasema machache. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta, kwa hiyo jua la saa sita huunguza hata hewa ikiwa ya kupendeza, na kofia na maji ni vya lazima. Agosti hali ni nyingine, kuna baridi. Mtoto mdogo ana ngozi nyingi kwa kila kilo ya mwili kuliko mtu mzima, na hupoteza joto upesi, hasa akitoka kwenye bwawa la kuteleza. Midomo ikibadilika rangi, michezo ya maji imekwisha.

Hata bustani kubwa ya michezo inaweza kuwa na asili ya kimzazi. Walt Disney alisimulia kwamba wazo la Disneyland lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi huko Griffith Park, Los Angeles, akiwatazama binti zake kwenye bembea la kuzunguka, akatamani pawepo mahali ambapo mzazi na mtoto watafurahi pamoja. Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, na tangu siku hiyo ina treni inayoizunguka. Makadara nayo ina stesheni yake kwenye njia ya treni ya abiria ya Syokimau. Kwa mtoto ambaye hajawahi kupanda treni, mlio wa honi na nyumba zinazorudi nyuma dirishani ni mchezo wa kwanza wa siku hiyo, na nauli yake inafanya kazi mbili. Ningeanzia safari hapo, asubuhi mapema, nikachagua michezo mitatu au minne, na kuondoka kabla ya saa nane mchana.

Saa nane ina sababu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 3 na 4 walale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Mwaka 2013 kikundi cha Rebecca Spencer huko Massachusetts kiliwapa watoto 40 wa chekechea mchezo wa kukumbuka picha zilikuwa wapi. Waliolala mchana walikumbuka vizuri zaidi kuliko walipokeshwa macho, na waliopoteza zaidi ni wale waliozoea kulala. Mtoto anayesinzia begani kwenye matatu bado anafanya kazi: ubongo unapanga yale aliyoyaona.

Hapo ndipo shosho wengi huuliza, kwa haki kabisa, mtoto wa miaka mitatu atakumbuka nini mpaka tumlipie. Nina Hamond na Robyn Fivush walilijibu swali hilo hasa. Katika utafiti wao wa mwaka 1991 waliwahoji watoto 48 waliokuwa wametembelea Disney World wakiwa na miaka 3 au 4, baadhi baada ya miezi 6, wengine baada ya miezi 18. Wote walikumbuka mengi, na muda mrefu haukupunguza kiasi cha waliyoyakumbuka. Wakubwa walitoa maelezo marefu zaidi, wadogo walihitaji kuulizwa zaidi. Na ambao familia zao ziliizungumza safari mara kwa mara walikuwa na mengi zaidi ya kusema.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. "Ulifurahia?" hujibiwa "ndiyo", na mazungumzo yakaishia hapo. "Yule ngamia alifanya nini ulipomkaribia? Nani alimwogopa, wewe au baba?" humfanya mtoto atafute mwanzo, katikati na mwisho, na mzazi akimwongezea jina la kitu alichokisahau, kisa kinapata mifupa. Waulizeni kesho yake wakinywa uji, tena wiki ijayo mbele ya majirani wa ploti, wamsahihishe baba anapokosea rangi ya farasi.