Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda: Angalia Kinywa na Koo

Asubuhi moja mzee mmoja wa darasa letu la kisomo alitema mate, akaona damu. Sauti yake ilikuwa nzito. Kumeza chai kulimpa taabu. Majirani wakasema, "Mzee, hicho ni kimeo. Twende ukakatwe."

Mkewe akakumbuka kadi ya hospitali. Mama huyu naye ni mhitimu wa kisomo. Akaifungua, akasoma: "Anatumia warfarini. Akitoka damu, aletwe hospitali mara moja." Basi hawakwenda kwa mkata kimeo. Walikwenda hospitali. Daktari akakuta damu imevilia kooni. Mzee akatibiwa, akapona. Angekatwa kimeo siku ile, damu isingekatika kwa urahisi.

Ndugu wasomaji, warfarini ni dawa gani? Na kwa nini inaweza kumtoa mtu damu?

Kazi ya dawa hii

Ukijikata kwa panga, damu hutoka, kisha huganda. Hiyo ni kinga ya mwili. Lakini mara nyingine damu huganda ndani ya mshipa, mahali isipotakiwa. Bonge la damu likifika kwenye ubongo, mtu anaweza kupooza. Likifika kwenye mapafu, anaweza kufa. Kwa hiyo watu wenye hatari hiyo hupewa warfarini. Miongoni mwao ni wale waliowekewa vali za chuma katika moyo. Hao huitumia maisha yao yote.

Watu husema dawa hii hufanya damu kuwa nyepesi. Sivyo hasa. Damu haigeuki maji, ila inachelewa kuganda. Ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Warfarini huipunguza kazi hiyo.

Wafugaji ndio walioanza kuona jambo hili. Katika miaka ya 1920, huko Marekani na Kanada, ng'ombe walikula majani makavu yaliyovunda. Wakikatwa pembe au kuhasiwa, walitoka damu mpaka wakafa. Mwaka 1933 mkulima mmoja alipeleka damu isiyoganda kwa mtaalamu Karl Link, katika jimbo la Wisconsin. Utafiti wa Link na wenzake ndio uliozaa warfarini. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikakubaliwa huko Marekani kuwa dawa ya binadamu. Mnaona basi: kipimo sahihi huokoa, kikizidi huua.

Kwa nini kinywa na koo?

Ngozi ya ndani ya kinywa ni laini. Mswaki, mfupa wa samaki, hata muwa huichubua. Fizi chafu huvimba na kutoka damu upesi. Kwa mtu anayetumia warfarini, mchubuko mdogo unaweza kutoka damu kwa muda mrefu.

Angalia dalili hizi:
1. Fizi kutoka damu bila kukoma.
2. Malengelenge ya damu mashavuni au kwenye ulimi.
3. Uvimbe chini ya ulimi au shingoni.
4. Koo kuuma, sauti kuwa nzito, kushindwa kumeza.
5. Kupumua kwa shida.

Dalili ya tatu, ya nne na ya tano ni za hatari sana. Damu ikivilia kooni huweza kuziba njia ya hewa. Usingoje kesho. Nenda hospitali usiku huo huo.

Njiani, mgonjwa akae wima, asilale chali. Kama damu inatoka kwenye fizi au pengo la jino, aume kitambaa safi kwa nguvu kwa dakika 20. Asisukutue sukutue. Chukueni kadi na dawa zake zote.

Namna ya kujikinga

Usikose kipimo cha damu kiitwacho INR. Kwa wagonjwa wengi namba hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Wenye vali za chuma mara nyingi huhitaji zaidi kidogo. Daktari atakuambia yako.

Ukisahau kidonge jana, leo usimeze viwili.

Usinunue dawa dukani ovyo. Aspirini, diklofenaki, Flagyl na Septrin zinaweza kuzidisha hatari ya kutoka damu. Kwanza mwambie mganga kuwa unatumia warfarini. Dawa za kienyeji na pombe nyingi nazo zina hatari.

Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K. Usiviache. Kula kiasi kile kile kila wiki. Ukiacha ghafla, dawa huzidi nguvu. Ukila nyingi ghafla, dawa hupungua nguvu.

Piga mswaki laini kila siku. Ukitaka kung'oa jino, mwambie daktari wa meno mapema. Lakini usiache dawa kwa uamuzi wako, maana damu inaweza kuganda ndani. Na kimeo, usikubali kukatwa kabisa.

Jadilini katika kikundi:
1. Nani kijijini kwetu anatumia dawa hii? Nani nyumbani kwake anajua kusoma kadi?
2. Akitoka damu usiku, tutampelekaje hospitali?