Kuchagua Kabla ya Kuandika: Mazoezi ya Insha na Maelezo ya Chati kwa Watahiniwa wa IELTS Wazungumzao Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu stadi ya kuandika katika mtihani wa kimataifa wa umahiri wa Kiingereza unaojulikana kwa ufupisho wake, IELTS, hususani toleo lake la kitaaluma. Mhitimu wa shahada ya kwanza anayeomba nafasi ya uzamili nchini Uingereza au Australia aghalabu hutakiwa kufikia wastani wa 6.5 katika mizani ya 0 hadi 9. Vyuo vingi huongeza sharti kwamba stadi yoyote kati ya nne isishuke chini ya 6.0, na sharti hilo la pili ndilo linalowakwamisha wengi. Mtu anaweza kupata 7.5 katika kusikiliza, 7.0 katika kusoma, 7.0 katika kuzungumza, kisha akapata 5.5 katika kuandika. Wastani wake ni 6.75, ambao hukadiriwa kuwa 7.0. Hata hivyo, nafasi aliyoiomba huipoteza kwa sababu ya stadi moja tu, naye hulazimika kutafuta upya ada ya mtihani ambayo kwa familia nyingi za Afrika Mashariki si fedha ndogo.

Watahiniwa waliofikwa na hali hiyo kwa kawaida hudhani kwamba wamepungukiwa msamiati. Hivyo hununua vitabu vya maneno magumu, hukariri vifungu vya kufungulia na kufungia insha, kisha hurudi katika chumba cha mtihani na kupata alama ileile. Makala haya yanadai kwamba, kwa mtahiniwa aliyesomea sekondari na chuo kwa Kiingereza, tatizo kubwa zaidi limo katika hatua inayotangulia uandishi: kuamua kipi kisemwe na kipi kiachwe. Uamuzi huo haufungamani na Kiingereza, hivyo unaweza kufanyiwa mazoezi kwa Kiswahili.

2.0 Mtihani na Vigezo vyake

Sehemu ya kuandika huchukua dakika 60 na ina kazi mbili. Kazi ya Kwanza humtaka mtahiniwa aeleze taarifa iliyo katika chati, jedwali, ramani au mchoro wa mchakato kwa maneno yasiyopungua 150. Kazi ya Pili ni insha ya hoja yenye maneno yasiyopungua 250. Watunzi wa mtihani hupendekeza dakika 20 kwa kazi ya kwanza na 40 kwa ya pili, na insha ina uzito maradufu katika alama ya mwisho. Kila kazi hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kutimiza kilichotakiwa, mtiririko na mshikamano wa matini, msamiati, na sarufi.

Msomaji azingatie mgawanyo huo. Msamiati na sarufi ni nusu ya alama. Nusu nyingine inatokana na namna mwandishi alivyochagua na kupanga mambo. Maelezo ya viwango vya alama yamechapishwa kwa ajili ya umma, na mtahiniwa aliyesoma kurasa hizo chache kwa makini ana manufaa kuliko aliyekariri maneno mia tano mapya.

3.0 Maelezo ya Chati

Tuchukue mfano wa takwimu ambazo msomaji wa Tanzania anazifahamu. Tangu Muungano, sensa ya watu imefanyika mara sita, na matokeo yake kwa mamilioni ni kama yanavyoonekana katika Jedwali Na. 1.

Jedwali Na. 1: Idadi ya watu Tanzania (milioni)

1967: 12.3
1978: 17.5
1988: 23.1
2002: 34.4
2012: 44.9
2022: 61.7

Mtahiniwa wa kawaida huanza hivi: mwaka 1967 idadi ya watu ilikuwa milioni 12.3, mwaka 1978 idadi iliongezeka hadi milioni 17.5, mwaka 1988 ikaongezeka tena hadi milioni 23.1. Huendelea hivyo mpaka mwaka 2022, akibadilisha kitenzi kila mara ili aonekane ana msamiati mpana: ilipanda, ilikua, ilikwea, ilipaa. Hakuna kosa la sarufi wala la tarakimu, lakini pia hakuna lililosemwa. Msomaji amesomewa jedwali kwa sauti. Viwango vilivyochapishwa huliweka simulizi la namna hiyo, linaloorodhesha vipengele bila kauli ya jumla iliyo wazi, katika alama ya 5 kwa kigezo cha kutimiza kazi, hata kama Kiingereza chake ni safi.

Kinachokosekana ni kauli ya jumla, yaani sentensi moja au mbili zinazotaja umbo kuu la takwimu kabla ya kuingia katika vipengele. Kwa jedwali letu, kauli hiyo inaweza kuwa: kwa jumla, idadi ya watu iliongezeka takriban mara tano katika kipindi cha miaka 55, na ongezeko kubwa kuliko yote lilitokea katika mwongo wa mwisho. Sentensi hiyo imeundwa na mambo mawili tu, ilhali jedwali zima limo ndani yake.

Namna ya kuifikia ni rahisi kuieleza. Mwanafunzi alitazame jedwali kwa dakika moja, alifunike, kisha aseme kwa Kiswahili angemwambia nini ndugu yake ambaye hajaliona na hana muda wa kusikiliza tarakimu. Hakuna mtu atakayemwambia nduguye kwamba mwaka 1978 watu walikuwa milioni 17.5. Atamwambia kwamba tumekuwa mara tano ya tulivyokuwa, na kwamba siku hizi tunaongezeka kwa kasi zaidi. Hiyo ndiyo kauli ya jumla, na kazi iliyobaki ni kuitia katika Kiingereza. Anayeanza moja kwa moja kwa Kiingereza hushughulishwa na kitenzi kabla hajajua anataka kusema nini.

Baada ya kauli ya jumla huja vipengele, na hapo pia pana uchaguzi. Jedwali hili lina mtego ambao mwandishi wa makala haya anaupenda sana. Kati ya 1988 na 2002 watu waliongezeka kwa milioni 11.3; kati ya 2002 na 2012 waliongezeka kwa milioni 10.5. Mwenye haraka ataandika kwamba ongezeko lilipungua. Lakini kipindi cha kwanza ni cha miaka 14 na cha pili ni cha miaka 10. Kwa wastani wa mwaka, ongezeko lilikuwa takriban watu 800,000 katika kipindi cha kwanza na zaidi ya milioni moja katika cha pili. Anayeitambua tofauti hiyo na kuiandika kwa sentensi moja iliyonyooka amemwonesha mtahini kwamba amesoma takwimu, hakuzinakili tu. Chati za mtihani nazo zinaweza kuwa na vipindi visivyolingana au vipimo viwili tofauti, na mazoezi yasiyowahi kumkutanisha mwanafunzi na hali hizo yana upungufu.

Kuna kishawishi kingine. Aliyesoma jiografia atatamani kueleza kwa nini watu wameongezeka, na ataingiza chanjo, uzazi na huduma za afya. Kazi ya Kwanza haihitaji sababu ambazo hazimo katika mchoro, wala haihitaji maoni. Kila sentensi ya namna hiyo hula muda na maneno yaliyostahili kwenda kwenye ulinganisho.

Chati zenye mistari mingi zina kanuni ileile: panga kwa makundi. Nchi tano zikioneshwa, tatu zikipanda na mbili zikishuka, aya ni mbili, si tano. Kuhusu ramani na michoro ya michakato, itoshe kusema kwamba kauli ya jumla hutaja badiliko kuu la mahali, au idadi ya hatua pamoja na mwanzo na mwisho wake.

4.0 Insha ya Hoja

Katika Kazi ya Pili, mtahiniwa wa Afrika Mashariki hubeba urithi wa shule. Urithi huo si mbaya kwa asili yake, ila ulikusudiwa mambo mengine. Sehemu ya kwanza ya urithi ni insha ya Kiswahili iliyopambwa kwa methali na vifungu vilivyokaririwa kuhusu macheo na umande, ambayo walimu wengi waliituza kwa haki kwa kuwa inakuza lugha. Sehemu ya pili ni insha ya mitihani ya historia na uraia, ambayo humtaka mwanafunzi afafanue sababu sita au faida sita. Mwanafunzi hujifunza kwamba kila hoja ina alama zake, hivyo hoja sita zenye sentensi mbili kila moja ni bora kuliko hoja mbili zenye sentensi sita.

Katika IELTS hesabu hiyo hugeuka. Kigezo cha kutimiza kazi huangalia msimamo ulio wazi na hoja zilizokuzwa. Insha ya maneno 270 haina nafasi ya kukuza hoja sita. Ina nafasi ya mbili, pengine tatu. Methali iliyotafsiriwa neno kwa neno kwa ajili ya kufungua insha humwacha mtahini akijiuliza kibaba ni nini na kwa nini kinajazwa. Aidha, sentensi zilizokaririwa hutambulika upesi kwa sababu Kiingereza chake hakifanani na sentensi zinazofuata, na maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye swali hayahesabiwi.

Chukua swali linalouliza iwapo serikali zitumie fedha nyingi zaidi kwa usafiri wa umma kuliko kwa ujenzi wa barabara. Mwanafunzi mmoja ataandika: usafiri wa umma hupunguza msongamano, hulinda mazingira, huokoa fedha, huleta ajira, hupunguza ajali, na hukuza utalii. Hizo ni hoja sita katika aya moja, na hakuna iliyothibitishwa. Mwingine atachagua msongamano peke yake na kuufuatilia: basi moja hubeba abiria ambao wangejaza makumi ya magari madogo, lakini basi lililokwama katika foleni ileile halimshawishi mwenye gari kuliacha nyumbani, ndiyo maana Dar es Salaam, ambako mabasi yaendayo haraka yalianza kutoa huduma mwaka 2016, yalitengewa njia zake yenyewe, kwa hiyo fedha za usafiri wa umma hazitenganishiki kabisa na fedha za barabara. Angalia jinsi hoja ilivyosogea. Ilianza na dai, ikakutana na kikwazo, ikapata mfano, na ikarudi kwenye swali ikiwa imelijibu kwa undani zaidi kuliko ilivyoanza.

Mfano huo unatokana na jiji ambalo mwandishi wake huenda amelipanda basi lake. Maelekezo ya mtihani huruhusu mifano itokanayo na ujuzi na uzoefu wa mtahiniwa. Licha ya hayo, wanafunzi wengi hubuni utafiti wa chuo kikuu maarufu na asilimia iliyotoka hewani. Mtahini hachunguzi ukweli wa takwimu hizo, ila takwimu ya kubuni haikuzi hoja, kwa kuwa mwandishi hajui lolote zaidi ya tarakimu aliyoibuni. Kuhusu kituo cha mabasi cha mtaani kwake anajua mengi.

Msimamo nao uamuliwe kabla ya kuandika. Swali linalouliza mtahiniwa anakubali kwa kiasi gani haliridhishwi na hitimisho kwamba kila jambo lina faida na hasara zake.

5.0 Mambo Machache ya Lugha

Yapo makosa ambayo chanzo chake ni Kiswahili chenyewe. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha kiima, hivyo baadhi ya waandishi huongeza kiwakilishi kisichohitajika baada ya kiima cha Kiingereza, na wengine hukiacha pale kinapohitajika. Kiswahili huruhusu taarifa kusema kwamba mwaka 2012 idadi imefikia kiasi fulani. Kiingereza hakikubali njeo hiyo pamoja na mwaka uliokwisha. Upande wa pili, Kiswahili hutofautisha vizuri kuongezeka kwa na kuongezeka hadi, na mwanafunzi akiambatanisha jozi hiyo na vihusishi vya Kiingereza hatakosea tena. Asilimia ikipanda kutoka 20 hadi 30, imeongezeka kwa pointi kumi za asilimia, ambazo ni nusu ya kiwango cha awali; kuandika kwamba imeongezeka kwa asilimia 10 ni kosa la maana.

Viunganishi vinahitaji kiasi. Aya ambayo kila sentensi yake inaanza na aidha, vilevile au zaidi ya hayo haina mshikamano kwa sababu hiyo, na viwango vya alama hutaja matumizi yaliyopita kiasi kuwa udhaifu.

6.0 Utaratibu wa Mazoezi

Mwandishi wa makala haya anapendekeza maswali machache yaandikwe mara nyingi. Mwanafunzi aandike jibu kwa muda uliopangwa, dakika 20 au 40, aliweke kwa siku mbili, kisha aandike jibu la swali lilelile bila kulitazama la kwanza. Akilinganisha nakala mbili ataona alichokiacha bila kukikosa na alichokirudia kwa mazoea.

Kwa chati lipo jaribio lisilohitaji mwalimu wala ada. Mpe mwenzako maelezo uliyoyaandika, umfiche mchoro, na umwombe auchore kwa kalamu ya risasi. Tarakimu zake zinaweza kukosea hapa na pale. Ikiwa mstari wake unapanda unapopaswa kushuka, au akikuuliza aanzie wapi, rudi kwenye kauli ya jumla.