Matongo ya Butiama

Magofu ya Kilwa na ya Kaole yana kuta za mawe ambazo hata mtoto huzitambua. Ya Butiama hayana. Jambo hilo lilinipa taabu asubuhi moja, kwani kijana wangu wa miaka tisa, niliyemwahidi magofu tangu tulipopanda basi la alfajiri mjini Musoma, alisimama katikati ya Mwitongo akauliza, "Baba, yako wapi?"

Nikamjibu kwamba tumekwisha kuyakanyaga. Kwa Kizanaki, Mwitongo ni penye mahame. Ni neno lile lile la Kiswahili, tongo, na wingi wake matongo. Nyumba ya udongo na nyasi ikihamwa, mvua za miaka michache huirudisha ardhini. Husalia minyaa iliyokuwa ua, jiwe la kusagia lililolika katikati, na udongo mweusi wa zizi la zamani, ambamo mahindi hustawi kuliko kwingine. Mkoani Mara matongo yaliongezeka mwaka 1974, Operesheni Vijiji ilipowahamisha watu makwao, wengine kwa nguvu. Si kila mzee hulisimulia hilo kwa furaha.

Hapa ndipo ulipokuwa mji wa Chifu Nyerere Burito, aliyefariki mwaka 1942. Kaburi lake lipo, na la mwanawe Julius, aliyezikwa Oktoba 1999, haliko mbali. Makumbusho tuliyaacha kwanza, maana jua lilikuwa bado changa na pimbi walikuwa wakiota moto juu ya majabali. Tukapita kando ya mashamba ambako Mwalimu alirejea kulima alipotoka Ikulu mwaka 1985, tukaelekea upande wa Muhunda.

Msitu huo Wazanaki huuheshimu kuwa makao ya mzimu wao. Hauingiwi kwa shoka. Mimi, mtu wa mjini ninunuaye mkaa kwa gunia, niliona haya kidogo kuutazama.

Njiani kurudi, mzee aliyetuongoza alituonyesha jiwe la kusagia lililofichwa na majani. Kijana aliinama, akapitisha kiganja ndani ya shimo lake, laini kama bakuli.

"Babu, aliyesaga hapa aliitwa nani?"

Mzee aliegemeza fimbo yake kwenye mnyaa, akaanza kuwahesabu bibi zake kwa vidole.