Kompyuta ya Mezani kwa Mfuko Mdogo: Ununue Ipi Ukiwa Kifungilo?

Kama una haraka, jibu ni hili: nunua kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, yenye prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Usinunue CPU kubwa ya zamani kwa sababu tu bei yake inavutia. Wala usikae kusubiri kompyuta mpya ya bei chee ambayo kila mwaka husemwa kuwa iko njiani.

Ushauri huu ni kwa mtu wa Kifungilo, Gare, Magamba au Soni, wilayani Lushoto, aliyeuza viazi na kabichi, akabakiwa na laki kadhaa, na anataka kompyuta kabla fedha hiyo haijaingia kwenye mbolea na ada. Huenda ni mzazi wa mwanafunzi, mwalimu anayetunga mitihani, au kijana anayetaka kufungua stesheni ya kuchapa na kujazia watu fomu za mkopo wa HESLB na maombi ya Ajira Portal. Wote watatu wana swali moja: kompyuta ikishafika mezani na kuwaka, imegharimu kiasi gani kwa jumla?

Je, bei zitashuka ukisubiri?

Watu wengi wanaamini kwamba ukivuta subira, kompyuta hushuka bei. Kwa miaka mingi imani hiyo ilikuwa na ukweli, lakini kwa sasa haina. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vya chipu vinapeleka bidhaa zao kwenye vituo vikubwa vya data vya akili mnemba. RAM ikipanda, kompyuta mpya za bei ya chini ndizo huumia kwanza, kwa kuwa faida yake ni ndogo.

Mfano mzuri ni Raspberry Pi 400, kompyuta nzima iliyofichwa ndani ya kibodi. Ilitoka Novemba 2020 kwa dola 70 za Marekani, na watu wengi wa kipato kidogo wakaona mkombozi amefika. Dola 70 hizo zilikuwa za kibodi peke yake. Adapta, kadi ya kumbukumbu, mausi na waya wa skrini viliifikisha dola 100, kabla ya kusafirisha na kabla ya skrini yenyewe. Mwishoni mwa 2025 mtengenezaji huyohuyo akapandisha bei za baadhi ya kompyuta zake kwa sababu ya RAM. Kama kazi yako ni ya mwezi huu, nunua kilichopo sokoni mwezi huu.

Chaguo la kwanza: CPU kubwa iliyotumika

Hizi ndizo zimejaa madukani Kariakoo na Tanga mjini: zimetoka maofisini Ulaya na Marekani, nyingi zikiwa na prosesa za kizazi cha 3 hadi cha 6. Faida zake ni bei ndogo, vipuri vinavyopatikana kirahisi na fundi yeyote wa Lushoto kuweza kuzifungua. Kiungo kimoja kikifa unabadilisha hicho tu.

Kasoro ya kwanza ni programu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya ulinzi kwa watumiaji wa majumbani inaishia Oktoba 2026. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa zilizozoeleka madukani inaanzia kizazi cha 8. Ndiyo maana maofisi ya nje yanazitupa hizi za zamani, na ndiyo maana zinauzwa rahisi. Muuzaji atakuwekea Windows 11 kwa njia za mkato na itawaka vizuri dukani, ila hakuna anayekuhakikishia kwamba masasisho yataendelea kuingia.

Kasoro ya pili ni umeme, na hiyo tunaifikia baadaye.

Ukikubali kutumia Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure, CPU ya zamani bado inafaa kwa mtoto anayejifunza au kwa kuandika barua. Kwa stesheni ni shida: wateja huleta nyaraka za Word, na zikifunguliwa kwa programu nyingine mistari huhama. Mteja anayetaka CV yake haraka hatakuelewa.

Chaguo la pili: kompyuta ndogo ya ofisi

Hizi zina ukubwa wa kitabu kinene na hutumia adapta ya nje kama ya laptop. Za kizazi cha 8 zilianza kutoka kati ya mwaka 2017 na 2018, kwa hiyo zimeanza kufika sokoni kama mtumba. Bei yake ni ya juu kuliko ya CPU kubwa ya zamani, lakini inakubali Windows 11 bila ujanja, inakula umeme kidogo na inasafiri vizuri. Unaifunga kwenye nguo ndani ya begi, unapanda nayo basi hadi Lushoto, kisha bodaboda hadi nyumbani. CPU kubwa kwenye kona za kati ya Mombo na Soni ni mzigo wa kulipia, na ikigongwa njiani hakuna anayekubali kosa.

Adapta nyingi za aina hii hupokea umeme wa kuanzia volti 100 hadi 240. Jioni, watu wote wanapowasha taa na pasi na umeme ukalegea, adapta hiyo huendelea kufanya kazi.

Ubaya wake: nafasi ya ndani ni finyu, vipuri ni vichache, na adapta ikiungua lazima upate ya volti na plagi ileile. Dai adapta yake halisi siku ya kununua.

Chaguo la tatu: laptop iliyotumika

Kama umeme kwenu hukatika mara kwa mara na huna fedha ya UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika), fikiria laptop. Ina betri, skrini, kibodi na spika kwa bei moja. Lakini hesabu betri kuwa imechoka mpaka uone inakaa kwa muda gani. Bawaba za skrini huvunjika, na kibodi ikimwagikiwa chai matengenezo yake ni ghali. Kwa kompyuta ya mezani, kibodi ikiharibika unanunua nyingine kwa bei ya kawaida na kazi inaendelea.

Chaguo la nne: mpya kabisa

Kompyuta mpya ya bei ya chini ina dhamana ya mwaka mmoja, na hilo ni jambo zuri. Tatizo ni kile kilichomo ndani: prosesa dhaifu, RAM ya GB 4 na diski ndogo. Kwa fedha hiyohiyo unapata iliyotumika yenye nguvu zaidi. Nunua mpya ikiwa taasisi inalipa na inahitaji dhamana ya maandishi. Kwa fedha ya mfukoni, hapana.

Umeme: bei unayoendelea kulipa

CPU kubwa ya zamani pamoja na skrini yake hula takribani wati 90. Ukiiwasha saa 6 kwa siku, kwa siku 30, ni uniti 16. Kompyuta ndogo pamoja na skrini hula takribani wati 40, yaani uniti 7.

Sasa angalia kundi lako la TANESCO. Wateja wadogo wa majumbani, kundi D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Kundi la kawaida, T1, hulipa shilingi 292, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 pamoja na tozo inafika karibu 356. Kwa duka lililo kwenye T1, CPU kubwa ni kama shilingi 5,700 kwa mwezi, na ndogo ni kama 2,500.

Kwa nyumba iliyo kwenye D1 hatari ni kubwa zaidi. Ikiwa tayari mnatumia uniti 60, CPU kubwa inawapeleka 76, na mmeshavuka mstari. Ndogo inawaacha kwenye 67, na mnabaki kwenye bei ya chini.

Makato yasiyotajwa

Bei unayoambiwa kwa simu ni mwanzo tu. Uliza haya kabla ya kutuma hata shilingi:

*Bei ni ya nini?* "Seti" kwa wengine ni CPU na skrini bila waya, kibodi wala mausi. Taja kitu kimoja kimoja na upate jibu kwa maandishi ya ujumbe.

*Risiti ipo?* Wapo wanaotaja bei, kisha ukidai risiti ya EFD wanaongeza asilimia 18. Dai bei yenye risiti tangu mwanzo. Bila risiti, dhamana ya mdomo haina uzito.

*Bei ni kwa shilingi?* Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni. Anayekutajia dola mwambie ataje shilingi.

*Unalipaje?* Ukiambiwa "tuma na ya kutolea", hiyo ada ni yako. Omba lipa namba ya duka, yenye jina la biashara.

*Kuna winga?* Kariakoo, kijana anayekushika mkono na kukupeleka dukani ana cha juu chake ndani ya bei. Pita maduka kadhaa peke yako kwanza.

*Dhamana inatimizwa wapi?* Dhamana ya mwezi mmoja ya Dar es Salaam maana yake ni nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku zako za kazi. Duka la Lushoto au Tanga likizidi kwa shilingi 30,000 na liko tayari kubadilisha kifaa kibovu, hilo ndilo rahisi.

*UPS iko wapi?* CPU na kompyuta ndogo zote huzimika umeme ukikatika, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Kwa stesheni, UPS ni ya lazima, na betri yake hubadilishwa baada ya miaka michache. Kwa nyumbani, anza na stebilaiza na mazoea ya kuhifadhi kazi kila mara. Radi zikianza, chomoa kila kitu ukutani.

Unapoweza kuokoa fedha ni kwenye skrini. Kama una televisheni bapa yenye tundu la HDMI, anza nayo. Kwa kazi ya kuandika kutwa, televisheni nyingi za bei ya chini za inchi 32 hutoa maandishi yenye ukungu, kwa hiyo mwenye stesheni anunue skrini ya kompyuta ya inchi 19 au zaidi.

Kagua kabla ya kulipa

Mwambie muuzaji, "Bosi, niwashie kwanza," na usikubali kuharakishwa.

Kwa CPU kubwa, kabla haijachomekwa, geuza nyuma uangalie sehemu inayoingia waya wa umeme. Baadhi zina kiswichi kidogo chekundu chenye namba 115 na 230. Iliyotoka Marekani inaweza kuwa bado kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa volti 230, utasikia mlio na harufu ya kuungua, na fedha yako imekwenda. Hakikisha inasomeka 230.

Ikishawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, usome prosesa na RAM. Usiamini stika iliyobandikwa mbele. Prosesa ikiandikwa i5-8500, tarakimu ya 8 baada ya kistari inaonyesha kizazi cha 8; i5-4570 ni kizazi cha 4. Kisha rudia, andika tpm.msc, uone kama toleo ni 2.0.

Angalia tarehe. Ikionyesha mwaka wa zamani, betri ya duara iliyo ndani imekufa. Ni kifaa cha bei ndogo, lakini kisipobadilishwa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma na tovuti nyingi, zikiwemo za maombi, zinakataa kufunguka. Mwambie abadilishe hapohapo.

Mwisho, iache iwake kwa nusu saa ukiwa na video inacheza. Ikizimika yenyewe au ikinguruma kwa feni, iache dukani. Nyumbani, iweke mbali na ukuta unaotoa unyevu. Ukungu wa Usambara wa Juni hadi Agosti huleta kutu kwenye kompyuta iliyofunikwa na kusahaulika, hivyo iwashe mara kwa mara ipate joto.

Uamuzi

Kwa mzazi na mwalimu: kompyuta ndogo ya kizazi cha 8, SSD ya GB 256, RAM ya GB 8, na televisheni ya nyumbani kama skrini.

Kwa stesheni: hiyohiyo, pamoja na skrini yake na UPS. Usifungue biashara ya watu bila UPS.

Kwa mwenye fedha kidogo sana: CPU kubwa ya zamani yenye SSD na Linux, kwa kujifunza tu, na kwa sharti kwamba matumizi ya umeme nyumbani yako mbali na uniti 75.

Kwa anayekatikiwa na umeme kila siku: laptop iliyotumika, baada ya kujaribu betri yake.

Andika kwenye karatasi bei ya kompyuta, skrini, waya, UPS, usafiri na umeme wa miezi 12. Jumlisha kwa kila chaguo, kisha nenda dukani na karatasi hiyo mkononi. Muuzaji akikupunguzia shilingi 20,000 kwenye kompyuta, angalia kama hajazirudisha kwenye waya na adapta.