Jeneza Lipo, Machela Iko Wapi?

Misikiti yetu mingi, hata ile midogo ya vijijini, ina jeneza lililowekwa tayari. Hatungoji mtu afe ndipo tumtafute seremala. Hilo ni jambo jema, na yatupasa kulidumisha. Lakini na tujiulize, ndugu wasomaji: tumemwekea nini yule aliye hai bado, asiyeweza kusimama wala kuketi, na hospitali iko mbali?

Sisi tukaao Mbuba, na katika vilima vya Ngara kwa jumla, twajua kwamba si kila nyumba ifikiwayo na gari. Kwa sababu kama hiyo wazee wa nchi hizi za milima walikuwa na machela, yaani kitanda cha safari cha mgonjwa. Jirani zetu wa Rwanda hukiita ingobyi, na watu wa Kigezi, Uganda, hukiita engozi. Jina hilo hilo ndilo la ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Huko Kigezi watu walijiunga katika vyama vya engozi: kila mmoja hutoa mchango wake, na akiugua, wenziwe hupokezana kumchukua mabegani, akifa, humzika.

Kuifanya machela si kazi ngumu. Mwezi wa Aprili 1873, Livingstone aliposhindwa kutembea karibu na ziwa Bangweulu, akina Susi na Chuma walimtengenezea kitanda cha miti miwili ya futi 7, wakakifunga vijiti vya kukingama vya futi 3, wakatandika nyasi na blanketi, kisha wakakitundika katika mti mrefu uliochukuliwa na watu wawili. Vitu vyote hivyo vyapatikana kwetu.

Watakuwapo wasemao kwamba siku hizi pana pikipiki. Ni kweli, nayo ina haraka. Lakini aliyeanguka kutoka juu ya mwembe akaumia mgongo, akipakiwa juu ya pikipiki mgongo wake hupindika, na huenda akapooza maisha yake yote. Huyo hulazwa chali. Kichwa, shingo na mgongo vikanyooka, na watu kadhaa wakamwinua kwa pamoja. Mama mjamzito atokaye damu naye hafai kuketishwa. Alazwe kwa ubavu wa kushoto. Na katika mlima, wakati wa kupanda kichwa hutangulia, na wakati wa kushuka hutangulia miguu.

Basi tuifanye machela, tuiweke pale pale lilipo jeneza, na majina ya vijana wanane wa kupokezana yaandikwe ukutani, wajulikane kabla ya usiku wa haja. Huenda, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, machela ikifanya kazi yake, jeneza likakaa siku nyingi zaidi bila ya kuguswa.