Watoto wa Simiyu na Somo la Dhahabu

Mbio za kukimbilia dhahabu huanza na habari inayosafiri haraka kuliko ukweli. Huko California, Marekani, dhahabu ilionekana Januari 1848. Mwaka uliofuata watu kwa maelfu walielekea magharibi, na wenyeji wa asili wakapoteza ardhi na hata uhai. Sehemu hii ya mwisho husimuliwa kwa nadra, nayo ndiyo inayostahili muda zaidi darasani.

Mtoto wa Bariadi, mkoani Simiyu, anaweza kuanzia somo hili nyumbani. Katika miaka ya 1950 Wasukuma wengi walihamia magharibi, Geita, wakitafuta mashamba na malisho. Mgodi wa dhahabu wa huko ulikuwa tayari umefunguliwa miaka ya 1930. Leo wachimbaji wadogo huhama kutoka duara (shimo la kuchimbia) hadi duara, dhahabu inapopatikana au inapokwisha. Mwalimu aeleze karasha (mashine ya kusaga mawe), karai la kuchekechea na hasa zebaki ya kunasia dhahabu, ambayo mvuke wake hudhuru ubongo.

Aeleze pia mgodi wa Ng'alita, wilayani Bariadi, ambako Januari 2024 kifusi kiliua wachimbaji zaidi ya 20 wakati wa mvua kubwa. Kisha akumbushe kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwajiri mtoto katika kazi za hatari, zikiwemo za mgodini.