Mate ya Kupe (2): Siku Tatu za Mwanzo

Wiki iliyopita tulimwacha kupe akiwa amekwisha kumdandia ng'ombe. Leo tumtazame anavyokula, kwa sababu ndigana kali inayotumalizia ndama huku Kibondo na Kasulu hupitia kwenye mate yake.

Msimu wa mvua, ng'ombe akirudi kutoka malishoni, mshike sikio uligeuze. Kwenye ngozi laini ya ndani utawakuta kupe wa kahawia wamesongamana, wengine bado bapa, wengine wamekwisha kuvimba. Aliye bapa ameanza kula karibuni. Amekata ngozi kwa viwembe viwili vya mdomo, akazamisha mrija wenye miiba iliyoelekea nyuma, kisha akatema mate yanayokauka kama saruji kuuzunguka mdomo huo. Ndiyo maana ukimvuta, ngozi nayo inanyanyuka.

Kupe hatafuti mshipa kama afanyavyo mbu. Huchimba kidimbwi chini ya ngozi, damu ikajikusanya humo, naye akaendelea kunywa kwa siku kadhaa, hata wiki nzima. Kazi hiyo si rahisi. Jeraha lolote la mwili huanza kuzibwa ndani ya dakika chache: chembe sahani hukimbilia pale, damu huganda, histamini humwagika na kuleta mwasho, na chembe za kinga hufuata. Kila hatua kati ya hizo ina protini yake ya kuizuia ndani ya mate ya kupe. Mwaka 1999 watafiti wa Oxford walieleza protini za kupe huyuhuyu wa masikio zinazoinasa histamini kabla haijafanya kazi yake. Mwasho ukipungua, ng'ombe hajisugui kwenye mti, na kupe anakula kwa raha.

Linalonistaajabisha zaidi ni maji. Sehemu kubwa ya damu ni maji, na kupe hana pa kuyaweka yote. Basi tezi zake za mate huyachukua maji ya ziada na kuyarudisha ndani ya ng'ombe kupitia mdomo uleule. Anavuta, anatema, anavuta tena, mpaka jike anafikia takriban mara mia ya uzito aliokuja nao. Na kila anapotema, mlango wa ugonjwa uko wazi.

Hata hivyo, vijidudu vya Theileria vinavyoleta ndigana kali huwa havijakomaa kupe anapoanza kuuma. Vimetulia ndani ya tezi za mate. Kula kwenyewe ndiko kunakoviamsha, na kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 4 kuwa tayari kuingia kwenye chembe nyeupe za ng'ombe. Hapo ndipo mfugaji ana nafasi. Kupe akitolewa siku ya kwanza au ya pili, mara nyingi hajaambukiza kitu. Kwa hiyo masikio ya ndama yakaguliwe kila jioni, na kupe ashikwe karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole bila kupasuliwa kwa vidole. Anayeogesha mifugo mara moja kwa wiki mbili msimu wa kupe amewapa muda wa kula, kuambukiza na kudondoka chini wakatage maelfu ya mayai.

Papasi, naye kupe lakini wa majumbani, hatupi muda huo. Hujificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, hutoka usiku, hula kwa muda usiozidi saa moja au karibu na hapo, kisha hurudi mafichoni. Vijidudu vya homa ya papasi viko tayari kabla hajauma. Mwaka 1905 watafiti Dutton na Todd walithibitisha huko Kongo kwamba papasi ndiye anayeieneza homa hiyo, na Dutton akafia hukohuko Kasongo kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Mwaka 1990 watafiti walitenga kutoka kwa papasi huyohuyo protini inayozuia damu kuganda, na wanaotafuta dawa za moyo wakaipokea kwa hamu.

Wiki ijayo ni zamu ya chanjo ya ndigana kali. Kazi yake ilifanyika Muguga, Kenya, miaka ya 1970: kupe wenye vijidudu huachwa wale mpaka vikomae kwenye tezi za mate, kisha husagwa, na ndama huchomwa dozi hiyo pamoja na oksitetrasaiklini.